Mwaka wa nuru ni muda au ni umbali? Jibu kwa fundi simu wa Tanga na binti yake

Swali lenyewe ni hili: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga. Binti yangu yuko darasa la sita na siku hizi amezama kwenye habari za anga. Juzi aliniuliza mwaka wa nuru ni nini, nikamjibu ni muda mrefu sana, kama karne hivi. Akaniambia, 'Hapana baba, mwalimu kasema ni umbali.' Nikanyamaza. Tangu siku hiyo ananiletea maneno kila jioni: tungamo, uzito, kani, nishati, galaksi, shimo jeusi. Mimi shule niliishia kidato cha pili na hesabu nimesahau. Naomba unieleweshe tangu mwanzo, na mimi niweze kumjibu."

Marahaba, ndugu yangu, na mpe binti hongera zangu. Ni umbali. Ila usijilaumu, maana neno lenyewe linapoteza watu: mtu akisikia "mwaka" hafikirii kilomita. Lakini hebu fikiri kidogo jinsi sisi wenyewe tunavyosema. Ukimwuliza mtu hapo stendi ya Tanga, Dar es Salaam ni mbali kiasi gani, hatakutajia kilomita 350. Atakwambia, "Mwendo wa saa sita kwa basi." Saa sita ni muda, lakini hakuna anayechanganyikiwa, kila mtu ameelewa kwamba ametajiwa umbali, kwa sababu mwendo wa basi unajulikana. Wazee nao walihesabu hivyohivyo: kutoka hapa hadi kule ni mwendo wa siku tatu kwa miguu.

Mwaka wa nuru ni hesabu ileile. Ni mwendo wa mwaka mzima, msafiri akiwa ni nuru. Ningekuwa mimi ndiye mwandishi wa vitabu vya shule, ningeandika "mwendo wa mwaka wa nuru" pale neno linapotajwa mara ya kwanza, na watoto wengi wangeokoka na mkanganyiko huu.

Kwa nini wataalamu wakamchagua nuru awe msafiri wa kupimia? Kwa sababu ndiye pekee asiyebadili mwendo. Basi litasimama Segera watu wale, litapanga foleni, litapasuka tairi. Nuru ikiwa katika ombwe, yaani mahali patupu pasipo hata hewa, husafiri kilomita 299,792 kila sekunde; haiongezi, haipunguzi. Tuseme 300,000 ili tusichoshane. Mwendo huo ungetosha kuizunguka Dunia mara saba na nusu ndani ya sekunde moja. Kutoka Mwezini hadi hapa nuru hutumia sekunde moja na theluthi hivi. Kutoka kwenye Jua, dakika 8 na sekunde 20. Sasa iache isafiri mwaka mzima bila kupumzika, itakuwa imekata kilomita trilioni 9.46. Huo ndio mwaka mmoja wa nuru.

Nyota iliyo jirani kabisa baada ya Jua letu inaitwa Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24 kutoka hapa. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Wamarekani mwezi Septemba 1977, kinakwenda kilomita 17 kila sekunde hadi leo, na safari yake yote hiyo ya karibu miaka hamsini ni kama siku moja tu ya nuru. Kwa mwendo huo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali wa Proxima. Binti akikuuliza kwa nini watu hawajaenda kwenye nyota, mpe hesabu hiyo.

Na hapa nataka kukurudishia heshima yako kidogo mbele ya mtoto, kwa sababu jibu lako la kwanza lilikuwa na chembe ya ukweli. Nuru ikichukua dakika 8 kufika, basi Jua unaloliona sasa ni Jua la dakika 8 zilizopita. Nyota iliyo miaka ya nuru 100 unaiona jinsi ilivyokuwa kabla hujazaliwa. Umbali na muda vimefungwa pamoja: kadiri unavyotazama mbali, ndivyo unavyotazama zamani. Ndiyo maana darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, inasemwa kuwa inaona galaksi changa za miaka zaidi ya bilioni 13 iliyopita. Haina ramli yoyote; inapokea nuru iliyoanza safari wakati huo.

Sasa tuje kwenye hayo maneno mengine. Ushauri wangu ni usiyakariri kama orodha ya msamiati. Karibu yote yananing'inia kwenye vitu viwili, nuru na uvutano. Nuru ndiyo inayotuletea habari za huko mbali, na uvutano ndio unaoshikilia kila kitu mahali pake. Ukivishika hivyo viwili, mengine yatakuja yenyewe.

Nianze na nuru, na hapa wewe fundi simu unanizidi. Kila siku unashughulika na mawimbi: antena, Bluetooth, Wi-Fi. Basi jua kwamba mawimbi hayo na nuru ya mshumaa ni kitu cha aina moja. Tofauti yake ni urefu wa wimbi, yaani nafasi kati ya mgongo mmoja wa wimbi na mgongo unaofuata. Mawimbi ya redio yanaweza kuwa na urefu wa mita nyingi. Nuru tunayoiona kwa macho ina mawimbi mafupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Eksirei za hospitali ni mafupi zaidi ya hapo. Yote husafiri kwa mwendo uleule wa kilomita 300,000 kwa sekunde. Wimbi likiwa fupi, yanapita mengi zaidi kwa sekunde moja, na idadi hiyo ya kwa sekunde ndiyo inayoitwa masafa, zile hezi na megahezi unazoziona kwenye vipimo vyako.

Mwonyeshe binti jambo hili leo leo. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Kwa macho matupu hutaona kitu kwenye kile kijitaa cha mbele ya rimoti, lakini kwenye kioo cha simu nyingi kitaonekana kinamulika, cheupe chenye uzambarau. Hiyo ni nuru ya infraredi, yenye wimbi refu kidogo kuliko nyekundu, jicho letu halina uwezo nayo. James Webb imeundwa kuona nuru ya namna hiyo. Kwa hiyo mtoto akikwambia kuna nuru isiyoonekana, unayo mezani kwako.

Nuru pia inabeba jina la kitu kilichoitoa. Umewahi kuona sufuria ya wali ikifurika juu ya jiko la gesi? Yale maji ya chumvi yakidondokea motoni, mwali wa buluu hugeuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi, na ikipata joto daima hutoa manjano ileile, hapa Tanga au kwenye nyota iliyo mwisho wa upeo. Kila elementi, yaani kila dutu ya msingi kama hiyo sodiamu, ina rangi zake za namna hiyo. Wataalamu wakiichambua nuru ya nyota hadi ikatawanyika kama upinde wa mvua, huona ndani yake mistari myembamba, na mistari hiyo huwaambia nyota ina nini. Mwaka 1868 watu waliokuwa wakiichunguza nuru ya Jua kwa njia hii, mmoja wao Mwingereza Norman Lockyer, walikuta mstari wa manjano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Ikapewa jina la heli, kutokana na neno la Kigiriki la Jua. Duniani ilikuja kupatikana mwaka 1895. Ndiyo gesi hiyohiyo inayojazwa kwenye maputo ya sherehe, na ilijulikana kwenye Jua miaka 27 kabla haijapatikana hapa kwetu.

Kwa kuwa muulizaji wetu ni mtoto wa kike, mwambie na hili. Mwaka 1925 dada mmoja wa miaka 25, Cecilia Payne, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba nyota zimejaa haidrojeni na heli, si chuma na mawe kama Dunia. Mtaalamu mkubwa wa wakati huo alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Miaka michache baadaye mtaalamu yuleyule alikiri kwamba dada alikuwa sahihi.

Hata rangi ya nyota kwa ujumla wake ina habari. Kaa karibu na mhunzi: chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huelekea weupe. Nyota ni hivyohivyo. Nyekundu ndizo zenye joto dogo, za buluu ndizo kali zaidi, kinyume na bomba la maji ambako nyekundu ndiyo moto. Katika kundinyota la Jabari kuna Ibuti la Jauza yenye wekundu, uso wake una nyuzi 3,300 hivi, na upande wa pili kuna Rijili yenye weupe wa kibuluu, zaidi ya nyuzi 11,000. Jua letu liko katikati, nyuzi 5,500. Tofauti hiyo ya rangi unaiona kwa macho yako, bila darubini.

Tuhamie kwenye uvutano, na hapa tungamo na uzito ndipo watu wengi hukwama, hata waliosoma. Naomba unifuate hadi sokoni.

Sokoni kuna mizani za aina mbili. Moja ni ile ya kuning'iniza, ina springi ndani na ndoano chini. Mchuuzi akitundika samaki, springi inavutika na mshale unashuka. Nyingine ni ile ya zamani yenye sahani mbili, huku unaweka mchele, huku mawe ya mizani, mpaka mkono ulale sawa. Kwa pale sokoni zote zinakupa jibu moja, kwa hiyo hakuna anayejali tofauti. Sasa zibebe zote mbili uende nazo Mwezini, pamoja na samaki wako wa kilo sita. Tundika samaki kwenye mizani ya springi: mshale utasoma kilo moja tu, kwa sababu Mwezi unavuta kwa nguvu ya karibu moja ya sita ya Dunia. Mpeleke samaki huyohuyo kwenye mizani ya sahani: utahitaji mawe ya kilo sita kamili, kwa sababu mawe nayo yamepungua mvuto sawa na samaki.

Mizani ya springi ilikuwa inapima uzito, yaani jinsi samaki anavyovutwa. Mizani ya mawe ilikuwa inalinganisha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya samaki. Samaki hakupunguka hata mfupa mmoja njiani, tungamo lake ni lilelile. Uzito wake ndio uliobadilika kwa sababu mvutaji amebadilika. Ndiyo maana katika fizikia tungamo hupimwa kwa kilogramu, na uzito hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Isaac Newton, aliyechapisha kanuni ya uvutano mwaka 1687. Kilo moja hapa Duniani ina uzito wa nyutoni 9.8 hivi. Tunaposema dukani "uzito wa kilo mbili" tunaelewana na hakuna ubaya, ila mtoto akiwa kwenye mtihani aandike anavyotakiwa.

Na kuna kosa moja ninalolisikia kila mara, nalo linaniuma kwa sababu linaharibu kuelewa kwingine kote: kwamba wanaanga wanaelea kwa kuwa angani hakuna uvutano. Si kweli. Kile kituo cha kimataifa cha anga kiko kilomita 400 tu juu yetu, karibu sawa na safari ya Tanga hadi Dar na kubaki kidogo, na uvutano wa Dunia pale ni kama asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaelea kwa sababu kituo chote kinaanguka, nao wanaanguka pamoja nacho. Fikiria lifti iliyokatika kamba: aliyemo ndani hatakanyaga sakafu, kwa kuwa sakafu inamkimbia. Tofauti ni kwamba kituo kinakwenda pia pembeni kwa kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde, kwa hiyo kila kikianguka, Dunia nayo ina mviringo na inajikunja chini yake, na hakifiki chini kamwe. Njia hiyo ya kuanguka bila kufika inaitwa obiti. Mwezi unafanya hivyo kuizunguka Dunia, na Dunia inafanya hivyo kulizunguka Jua.

Kama unataka kuuona uvutano ukifanya kazi, wewe huna haja ya maabara, nenda ufukweni. Wavuvi wa kwenu wanajua tangu enzi kwamba bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Maana yake ni hii: Mwezi unaivuta bahari, na Jua nalo linaivuta, kwa kiasi kidogo zaidi. Mwezi unapoandama au kupevuka, Jua, Dunia na Mwezi viko kwenye mstari mmoja na mivuto miwili inasaidiana, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana kwa pembe na kupunguzana. Mvuvi anayepanga safari yake kwa hesabu ya mwezi anatumia fizikia ya angani, na anaitumia vizuri.

Sasa kani na nishati. Shida hapa ni neno letu "nguvu", ambalo tumelibebesha mizigo mingi mno. Mtu ana nguvu, umeme una nguvu, upepo una nguvu, betri imeisha nguvu. Fizikia inagawa. Kani ni kusukuma au kuvuta; uzito ni aina moja ya kani. Nishati ni akiba ya uwezo wa kufanya kazi, iwe imekaa kwenye betri, kwenye kuni au kwenye chakula. Na ile wati unayoisoma kwenye chaja si nishati yenyewe, ni kasi ya kuitoa: chaja ya wati 20 inapeleka nishati mara mbili ya chaja ya wati 10 katika muda uleule. Yuniti za LUKU ndizo nishati. Yuniti moja inawasha taa ya wati 10 kwa saa 100, au pasi ya wati 1,000 kwa saa moja, nishati ni ileile, kasi ya kuila ndiyo tofauti. Ukimweleza binti kwa LUKU hatasahau, maana ataiona ikikatika.

Ukiwa na maneno hayo unaweza kulieleza Jua sawasawa. Jua haliungui kama kuni. Kuni huhitaji oksijeni, na rundo la kuni lenye ukubwa wa Jua lingeteketea lote kwa miaka elfu chache tu, wakati Jua lina miaka bilioni 4.6. Kinachotokea ni kwamba katikati yake, kwenye joto la nyuzi milioni 15, viini vya haidrojeni vinagandamizwa vikaungana kuwa heli. Heli inayopatikana ina tungamo pungufu kidogo kuliko haidrojeni iliyoingia, na ule upungufu ndio unaotoka kama nishati. Kila sekunde Jua hupoteza tani zaidi ya milioni 4 kwa njia hii, na bado lina akiba ya miaka mingine bilioni 5. Uvutano ndio unaogandamiza, nuru ndiyo inayotoka. Unaona vile viwili vimekutana.

Hiyo ndiyo maana ya nyota: tufe la gesi linalotengeneza nuru yake lenyewe kwa njia hiyo. Sayari haina nuru yake, inaazima ya Jua. Zuhura, ambayo wengine huiita Ng'andu inapotokea alfajiri, si nyota hata kama inazishinda zote kwa mwangaza. Kwa kawaida nyota humetameta na sayari hutulia. Mwezi ni kitu kinachozunguka sayari. Kimondo ni jiwe au chuma kutoka angani. Pale Mbozi, mkoani Songwe, kuna kimoja kinachokadiriwa kuwa na tani 16, asilimia karibu 90 chuma na iliyobaki zaidi ni nikeli. Mpeleke siku moja akiguse kwa mkono. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota zilizoshikwa pamoja na uvutano. Yetu, ambayo usiku wa giza huonekana kama utepe mweupe uliokatiza mbingu, ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, na Jua letu liko miaka ya nuru 26,000 kutoka katikati yake.

Angalia pia majina. Vitabu vingine huiita sayari ya kwanza Zebaki kwa kuwa Waingereza wana jina moja kwa sayari hiyo na kwa ile metali ya majimaji. Kiswahili kina jina la sayari tangu zamani, ni Utaridi, tuliache litumike. Na ukisema unasoma "unajimu", watu watakuomba uwatabirie ndoa, ndiyo maana mimi husema falaki au astronomia. Walioongoza majahazi kwa nyota kati ya Lamu na Uarabuni walikuwa watu wa falaki.

Limebaki shimo jeusi, na jina hili nalo linapotosha, maana si shimo. Ni maada nyingi mno iliyobanwa mahali padogo mno. Ukirusha jiwe juu, linarudi. Ukilirusha kwa kilomita 11.2 kwa sekunde, na hewa isingekuwepo, halirudi tena. Hiyo ndiyo kasi ya kuikimbia Dunia. Sasa ibane Dunia iwe ndogo zaidi bila kupunguza tungamo lake. Uso wake unasogea karibu na kitovu, uvutano usoni unazidi, na kasi ya kukimbia inapanda. Ukiendelea kuibana hadi ibaki kama gololi anayochezea mtoto, kasi ya kukimbia inafikia 300,000, yaani kasi ya nuru. Hapo hata nuru haitoki, na kwa kuwa hakuna kinachoizidi nuru, hakuna kitu kitakachotoka. Hilo ndilo shimo jeusi. Na wala halifagii kila kilicho karibu: kama Jua lingebadilishwa ghafla likawa shimo jeusi lenye tungamo lilelile, tungeganda kwa baridi na giza, lakini Dunia ingeendelea kwenye obiti yake ileile, kwa sababu uvutano huangalia tungamo na umbali.

Kitu kisichotoa nuru kilionekanaje, basi? Habari hii ina sehemu yake hapa pwani kwetu, na huwa nasikitika kwamba watoto wetu wengi hawaijui. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano linaloitwa San Marco, baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ndogo ya Wamarekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Walichagua pale kwa sababu karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi hupata msukumo wa bure. Siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, na Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi, akaipa satelaiti jina la Uhuru. Neno la Kiswahili likaingia kwenye historia ya falaki.

Uhuru ilitazama kitu kinachoitwa Cygnus X-1 na kuona eksirei zake zinapepesa, zinapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sasa tumia ulichojifunza juu ya mwendo wa nuru. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko nuru inavyokikatiza. Kikipepesa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hakiwezi kuzidi upana wa kilomita 30,000. Lakini kando yake kuna nyota kubwa ya buluu inayozungukana nacho mara moja kila siku 5.6, na kwa mzunguko huo wataalamu wakapima tungamo la kitu hicho kisichoonekana: vipimo vya karibuni vinasema ni kama majua 21. Majua 21 ndani ya nafasi isiyozidi kilomita 30,000! Nuru ikawapa ukubwa, uvutano ukawapa tungamo, na hakuna kitu kingine kinachojulikana chenye vipimo hivyo isipokuwa shimo jeusi. Cygnus X-1 iko miaka ya nuru 7,200 kutoka hapa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa kazi yenu ya nyumbani, wewe na binti. Subirini usiku usio na mbalamwezi mwezi wa Desemba au Januari, baada ya isha, mahali pasipo taa. Tafuteni nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, huo ndio mshipi wa Jabari. Ufuateni mstari huo kuelekea kaskazini-magharibi, mtapita nyota moja yenye wekundu, halafu mtakuta kishada kidogo cha nyota zilizosongamana, kama sita kwa macho ya kawaida. Hicho ni Kilimia, ambacho wazee walikitazama kujua msimu wa kulima na wakasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na kweli mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa bado yanaendelea, hupotea jioni upande wa magharibi, na mwezi Juni huonekana tena alfajiri mashariki, mvua zikiwa zimepungua.

Kiko miaka ya nuru kama 440 kutoka hapa. Mwulize binti nuru hiyo inayoingia machoni mwake iliondoka kule lini, mwache apige hesabu mwenyewe. Halafu mwambie kwamba Wareno walianza kujenga ile ngome ya Mombasa, Fort Jesus, mwaka 1593, na muulize lipi lilitangulia.